Onyesho la Wanawake, Jumamosi Saa Nane

Nilisikia habari za kubomolewa kwa ukumbi wa sinema nikiwa kwenye foleni ya kukoboa mpunga. Mama aliyekuwa mbele yangu alimwambia mwenzake kwamba jengo lile la nyuma ya soko linavunjwa ili zijengwe fremu za maduka.

"Jengo lipi?" mwenzake akauliza.

"Lile refu, lenye mabati ya kutu. Ghala la kakao."

"Aah, ghala."

Sikuweza kunyamaza. Nikawaambia lile lilikuwa ukumbi wa sinema kabla halijawa ghala. Wote wawili wakageuka, wakanitazama kama mtu aliyesema pale palikuwa uwanja wa ndege. Mmoja akacheka kwa adabu, maana nilimfundisha mwanawe. "Mwalimu! Kyela hii? Sinema?"

Nimefundisha historia shule ya msingi hadi nikastaafu. Nimewakaririsha watoto wa wilaya hii majina ya wafalme wa nchi ambazo wao wala mimi hatutazikanyaga. Na jengo ambalo mji mzima uliwahi kujaa ndani yake, nyuma ya soko tu, mtu anayepita hapo kila siku halijui. Mchele ulipokuwa tayari niliufunga kwenye baiskeli, na kabla sijafika nyumbani Mbugani nikapita dukani, nikanunua kaunta buku moja na futikamba ya mafundi. Ukurasa wa kwanza niliandika: "Jengo hili lilikuwepo." Chini yake sikuwa na kingine cha kuandika.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kuingia mle ndani siku za sinema. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwetu neno sinema lilitamkwa kwa sauti ileile ya kutamka pombe. Nilichonacho ni kumbukumbu ya nje. Nakumbuka kupita pale Jumamosi mchana na mkungu wa ndizi kichwani, madirisha yamefungwa mbao, muziki wa Kihindi ukitoka kwenye nyufa, na juu ya muziki huo sauti ya mwanamke akisema kwa Kinyakyusa safi: "Mwanamke wewe, rudi kwa mama yako!" Kwa muda mrefu niliamini kwamba Wahindi kwao huko wanaongea Kinyakyusa.

Mwenye jengo sasa ni mtoto wa aliyelijenga. Babu yao alitoka pwani, wakaweka duka la vitambaa, wakazaliana hapa, na yeye mwenyewe nilikaa naye darasa moja. Nilimfuata dukani asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupatana bei. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai. Nilipomweleza kilichonileta, uso ukafungika.

"Andika habari za machifu, Mwalimu. Sinema ina nini?"

"Ina watu," nikasema.

"Watu wenyewe wamekwishasahau. Waache."

Nilirudi wiki iliyofuata. Safari hiyo aliniacha nimekaa kwenye benchi la wateja mpaka adhana, akaenda kuswali, na aliporudi akapitia mlango wa nyuma. Nilielewa. Nilikunja daftari langu nikaondoka, lakini sikuwa nimeshindwa. Nimewahi kungoja wazazi wa watoto watoro kwa namna hiyo, na najua mtu anayekukwepa mara mbili ana jambo la kusema.

Mara ya tatu niliacha daftari nyumbani. Nilikwenda na futikamba tu, nikaiweka juu ya meza yake ya kukatia vitambaa.

"Leo sikuulizi kitu, kaka. Nataka kupima. Urefu na upana, basi. Kuta hazina siri."

Aliitazama ile futikamba. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka kukataa. "Mafundi wanaanza kuvunja mwezi ujao," akasema. "Kapime kesho asubuhi. Funguo ninazo mimi."

Nilidhani atanipa funguo. Alikuja mwenyewe. Alifungua milango miwili ya mbele, ikatupiga harufu ya kakao iliyochacha, nzito kiasi cha kuonekana kama kitu cha kusukuma kwa mkono. Magunia yalikuwa yamepangwa upande mmoja. Mwisho wa ukumbi, ukutani, palikuwa na eneo kubwa lililopakwa rangi nyeupe na kuzungushiwa mstari mweusi, na nyeupe yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya meno ya mzee. Nyuma yetu, juu, matundu mawili ya mraba ambamo mashine ilipenyeza mwanga wake. Nilianza kutembea kuelekea mbele, nikahisi miguu inakwenda haraka kuliko nilivyoiamuru.

"Sakafu inashuka," nikasema.

"Inashuka ndiyo. Baba alitaka wa nyuma waone juu ya vichwa vya wa mbele. Fundi wa kutoka Mbeya alimwambia haiwezekani, hapa ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Akasema basi tutapandisha nyuma badala ya kuchimba mbele. Walibeba udongo kwa mikokoteni msimu mzima wa kiangazi."

Nilimpa ncha ya futikamba aishike ukutani. Aliishika. Nikatembea hadi mwisho, nikasoma mita, nikaandika kwenye kiganja maana daftari nililiacha tena kwa makusudi na sasa nilikuwa najuta. Tukapima upana. Tukapima mwinuko wa sakafu kwa kamba na ndoo ya maji, kama alivyomkumbuka baba yake akifanya. Na mtu yule ambaye kwa wiki mbili hakutaka kufungua mdomo, sasa mikono yake ikiwa na kazi, alianza kusema bila kuulizwa.

Alinieleza mikanda ilivyofika kwa basi ndani ya makopo ya bati. Masika moja maji ya mto yaliingia hadi safu ya tatu, na watu wakaangalia picha wamepandisha miguu kwenye viti. Wengine walivuka mto Songwe kutoka Malawi asubuhi, wakauza vitu vyao sokoni, wakaingia sinema, wakarudi kwao jioni. Kisha zikaja video. Kila mtaa ukawa na kibanda chake, televisheni moja na mabenchi, picha mpya kila siku, na ukumbi ukaanza kupungua watu kama bwawa la kiangazi.

"Baba hakufunga," alisema. Tulikuwa tumesimama katikati ya ukumbi. "Alisema watarudi. Jumamosi moja saa nane tukafungua milango, hakuja mtu. Hata mmoja. Fundi wa mashine akashuka kuuliza, tufunge? Baba akamwambia, tangazo limesema saa nane, onyesha. Tukakaa wawili, mimi na yeye, pale, safu ya katikati. Picha nzima. Ilipoisha, alisimama akafungua milango yote, huku na huku, akasimama pembeni ya mlango mkubwa kama alivyozoea kuaga watu. Akangoja muda ule ule ambao watu huchukua kutoka. Ndipo akafunga."

Alikuwa ameishikilia ncha ya futikamba ingawa tulikuwa tumemaliza kupima.

"Watu walimcheka, Mwalimu. Walisema ameonyesha mashetani sinema. Alikufa akijua wanamcheka. Ndiyo maana nilitaka livunjwe kimya kimya."

Nilimwambia nitaandika alivyoniambia, na kama hataki, sitaandika. Aliachia ncha ya futikamba. Kisha akasema, "Andika. Lakini andika pia kwamba Jumamosi zilizotangulia mlango ulikuwa hautoshi." Na tulipokuwa tukifunga, akaongeza: "Mchana wa Jumamosi ulikuwa wa wanawake. Mkalimani wao bado yuko hai. Matema."

Kwanza nilikwenda Ipinda kumtafuta fundi wa mashine. Nilimkuta anatengeneza pampu ya maji, mikono imeloa grisi hadi viwikoni. Alinieleza namna mwanga ulivyotoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyogusanishwa, na namna mkanda ulivyokatika akauunga kwa gundi huku watu wakipiga mbinja. Alipotaka kuniambia jambo kuhusu Jumamosi alifuta grisi mikononi, akatabasamu. "Hayo muulize mkalimani mwenyewe. Mimi nilikuwa juu, nilikuwa nasikia tu. Nilikuwa nacheka mpaka naogopa kuiangusha mashine."

Matema nilifika saa nne asubuhi, milima imevuta ukungu hadi kiunoni na ziwa limetulia. Nilielekezwa nyumba ya pili kutoka kwenye mashamba ya mihogo. Bibi mwembamba alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Nilipiga magoti kidogo, nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Mugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Karibu. Wewe ni wa nani?"

Nilimtajia baba yangu, kisha mama yangu. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akanitazama upya. Aliniuliza tu nimetumwa na nani. Nikamwambia nimejituma mwenyewe, jengo linavunjwa, nataka kuandika.

"Basi kaa," akasema. "Mkono usikae bure, chambua."

Nilichambua usipa, yeye akasimulia. Alipokuwa msichana alipelekwa Tukuyu kulea watoto katika nyumba ya Mhindi mwenye duka. Aliporudi Kyela alikuwa akiuza ndizi za kuchoma mlangoni pa sinema. Wanawake waliotoka ndani walikuwa wakilalamika: picha nzuri, nguo nzuri, nyimbo nzuri, lakini wanasema nini? Siku moja mwenye ukumbi akamjia.

"Akaniuliza, nasikia wewe umekaa kwa Wahindi. Unajua Kihindi? Nikamwambia najua."

"Kumbe ulikijua?"

"Nilijua chumvi. Nilijua maji. Nilijua njoo hapa, na mtoto analia, na sahani imevunjika." Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Nilitaka kuingia ndani, mwanangu. Miaka yote niko mlangoni na ndizi, nasikia muziki. Angeniuliza kama najua kuruka ningesema najua."

Kwa hiyo alisimamishwa pembeni ya ule ukuta mweupe, Jumamosi baada ya Jumamosi, akifafanua picha ambazo hakuelewa hata neno moja kati ya mia. Alitazama nyuso. Mtu akikunja uso, alimpa hasira. Akilia, alimtafutia msiba. Mashamba ya India yakawa mashamba ya mpunga, mama mkwe wa picha akapewa maneno ya mama wakwe wa Kyela, na mito yote aliiita Songwe. Aliongea Kinyakyusa kwa sababu wanawake wengi Kiswahili kiliwapiga chenga, na wale wa ng'ambo, wa upande wa Malawi, lugha yao na yetu zinasikilizana. Stelingi akiimba, yeye alinyamaza akapumzika, kisha akawaeleza wimbo ulisema nini.

"Na hakuna aliyekugundua?"

Akaacha kuchambua tena. "Mmoja. Mama yako."

Nilimwambia amekosea. Mama yangu hakuwahi kuingia sinema; Jumamosi mchana alikuwa kwenye kikundi cha kina mama wa kanisa, cha kushona. Nilikuwa na uhakika huo kama nilivyo na uhakika wa jina langu.

"Cherehani gani hiyo ya kila Jumamosi?" akasema polepole, si kwa dhihaka. "Alivaa kitenge cha bluu. Alikaa safu ya pili, kona ya ukutani. Siku moja, watu wametoka, yeye akabaki. Akanijia. Nikadhani anakuja kushukuru. Akasema, dada, wewe Kihindi hujui."

"Alijuaje?"

"Akaniambia, yule mwanaume amekwishafunga mdomo, wewe bado unaongea. Na yule bibi alifungua mdomo mara moja tu, wewe ukatoa hotuba nzima. Mwanangu, nilihisi ardhi inanimeza. Nikajua kesho nimerudi kwenye ndizi. Nikamwomba. Akasema, mimi sijaja kukushtaki. Usiache. Ila jifunze kumaliza kabla hajafunga mdomo."

Usipa ulikuwa umeniishia mkononi, na nilikuwa nimekaa tu.

"Tangu siku hiyo alihamia safu ya kwanza," bibi aliendelea. "Nikizidisha maneno, anakohoa. Nikipunguza, ananitazama hivi." Akainua kidevu, akapandisha nyusi, na hapo mbele yangu, kwenye uso wa mgeni, nikamwona mama yangu kama alivyokuwa akinitazama nikikosea kusoma. "Yeye ndiye aliyenifundisha ile kazi. Na hadithi zingine tulizipanga wote wawili, kisimani, kabla ya Jumamosi. Yeye anauliza, safari hii yule mke arudi au asirudi? Namwambia, arudi. Anasema hapana, mwache atafute shamba lake."

Nililia. Sikuona aibu. Kwa miaka mingi nilimjua mama yangu kama mtu wa kunyamaza, mtu aliyesema ndiyo kwa baba, ndiyo kwa mchungaji, ndiyo kwa mawifi. Nilimzika nikimhurumia kwa ukimya huo. Na sasa naambiwa alikuwa na mahali pa kusema, na pale mahali maneno yake yalisikiwa na ukumbi mzima kwa kinywa cha mwingine. Bibi aliniacha nilie hadi nikamaliza. Kisha akanisogezea ungo. "Usipa bado haujaisha," akasema.

Nilipoandika sehemu hiyo kwenye kaunta buku, niliona ni haki kaka yangu mkubwa aisome kabla ya mtu mwingine. Yeye ndiye aliyerithi nafasi ya baba kanisani. Alikuja nyumbani, nikamwekea chai, nikamsomea kwa sauti.

"Futa," akasema nilipomaliza.

"Sifuti, kaka."

"Unamwaibisha mama. Marehemu hawezi kujitetea."

"Hajashtakiwa."

"Alimdanganya baba. Hilo ndilo utakaloliacha liandikwe?"

Nilitafuta jibu la upole, nikalikosa. Nikamwambia kwamba kama tunafuta kila Mnyakyusa aliyefanya jambo bila ruhusa, historia ya wilaya hii itabaki na wanaume watano waliokaa chini ya mti mmoja. Alisimama, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuigusa chai. Nilikaa na ile chai mpaka ikapoa. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule. Lakini kalamu sikuitumia kufuta. Niliitumia kuandika, pembeni ya ukurasa: "Kaka yangu hakubaliani."

Wiki ya mwisho kabla ya mafundi, nilirudi kwa yule mwenzangu wa duka la vitambaa na ombi jingine. Nilimwomba Jumamosi moja, saa nane mchana.

"Mashine hakuna, Mwalimu. Iliuzwa."

"Mashine haihitajiki."

Alinielewa kabla sijamaliza kueleza. Siku ile nilipofika nilikuta amehamisha magunia yote, sakafu imefagiliwa na kumwagiwa maji, mabenchi ya kuazima yamepangwa kwenye mteremko. Alikuwa amevaa kanzu, amesimama mlangoni, upande ule ule. Bibi aliletwa kwa gari kutoka Matema, amefunga kilemba. Wanawake walianza kuja mmojammoja, wazee kwanza, wakishikwa mkono na mabinti zao. Walikuja wawili wa ng'ambo waliosikia habari sokoni. Alikuja yule mama wa kwenye foleni ya kukoboa mpunga, akanikwepa macho kwa aibu kisha akanikumbatia. Na dakika za mwisho, akapita mlangoni wifi yangu, mke wa kaka, peke yake. Alikaa nyuma.

Bibi alisimama pembeni ya ule ukuta mweupe uliochakaa. Hakukuwa na kitu ukutani ila mwanga wa jua uliopenya kwenye tundu za mabati. Aliutazama, akakohoa, na sauti ikatoka. Niliitambua papo hapo, ile niliyoisikia nje na ndizi kichwani. Ilikuwa imekonda, lakini ni yenyewe.

Alisimulia picha ya msichana aliyeolewa mbali, mume akapotea safarini, na mama mkwe akamfukuza na sufuria moja. Aliwaonyesha kwa mkono: huyu hapa anaingia kushoto, mtazameni, yule kule juu mlimani anaimba. Na wanawake walitazama. Nakuambia walitazama ule ukuta mtupu, vichwa vikigeuka kushoto na kulia kumfuata mtu asiyekuwepo. Mama mkwe aliposema maneno yake, kina mama wazima walimzomea. Msichana alipovuka Songwe na sufuria yake kichwani, mmoja wa wale wa ng'ambo alisema kwa sauti, "Karibu kwetu."

Kisha bibi akakwama. Alipepesa macho. Alishika ukuta.

"Nimesahau," akasema. "Mwisho nimesahau."

Nilitaka kuinuka nimsaidie kukaa, lakini kabla sijainuka, mama mmoja mzee wa safu ya kwanza akasema, "Mume alirudi, akamkuta mtoni." Mwingine akamkatiza, "Hakurudi! Nilikuwepo, hakurudi, dada." "Alirudi, lakini alikuwa na mke mwingine." "Hiyo ni picha nyingine, wewe!" Wakabishana, wengine wamesimama, mabinti zao wakicheka, na bibi amekaa kwenye kiti nilichompelekea, anawasikiliza huku akitikisa kichwa kwa furaha. Wifi yangu alinyanyuka kule nyuma. Ni mwanamke wa sauti ndogo; ilibidi arudie mara mbili.

"Alipata shamba lake," alisema. "Mama mkwe wangu aliniambia hivyo."

Sikujua kwamba anajua. Sikujua kwamba mama alimsimulia mtu yeyote. Bibi alielekeza kidole kwake, akasema, "Huyo. Huyo ndiye anayeijua," na mabishano yakaisha.

Mwenye jengo alifungua milango yote, akasimama pembeni ya mlango mkubwa. Wanawake walipopita kila mmoja alimpa mkono. Wazee walimwambia, ndaga, ndaga fijo, asante sana, na wengine walimtajia baba yake kwa heshima. Aliwajibu wote. Wa mwisho alipotoka aligeukia ukutani akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, nami nikajifanya natafuta kalamu.

Jengo lilivunjwa kwa siku nne. Nilikwenda kila siku. Niliandika mabati yalivyoshushwa, nani alinunua mbao za paa, tofali zilikuwa za namna gani. Ukuta mweupe uliangushwa siku ya tatu, asubuhi. Fundi aliniuliza kama nataka kipande, nikasema hapana, nataka kujua una unene gani. Alinipimia. Sasa pale pana fremu sita. Moja inauza simu, nyingine ni saluni. Sakafu imesawazishwa.

Kaunta buku nilitoa nakala tatu. Moja ipo shule niliyofundisha, moja dukani kwa yule mwenzangu. Ya tatu kaka yangu alituma mtu kuja kuichukua. Alikaa nayo siku nyingi. Aliponirudishia mwenyewe, hakukaa, alisimama kibarazani, akaniambia nifungue ukurasa wa mama. Pembeni, kwa penseli, kwa ule mwandiko wake ulionyooka, alikuwa ameandika: "Kitenge kilikuwa cha kijani, si bluu. Nilikuwa namwona akitoka."

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Andika kijani," akasema, akaenda zake.

Niliandika zote mbili, bluu kwa bibi na kijani kwa kaka.

Siku hizi niko Ipinda mara mbili kwa wiki. Vile vibanda vya video vilivyoua ukumbi wetu navyo vinakufa, kila mtu ana picha kwenye simu yake. Juzi nilimkuta mama mmoja aliyebaki na kibanda chake, mabati na turubai, mabenchi manane, anaonyesha mpira zaidi kuliko picha. Nilimwomba anieleze alianzaje.

"Hii siyo historia, Mwalimu," akasema. "Hii ni biashara yangu."

Nikamwambia ndivyo wanavyosema wote. Nikamwuliza alifungua lini. Hakukumbuka mwaka. Akakumbuka tu kwamba siku ya kwanza alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, akashindwa kuinama kuunganisha waya, na jirani akamsaidia. Mtoto wa pili yuko wapi sasa? Yuko shambani, anavuna mpunga. Tukamwita, tukamwuliza umri wake, na tukaanza kuhesabu miaka kurudi nyuma.